Gia, Mnyororo na Mlima

Vyombo vingi alivyobuni mwanadamu huharibika kimya kimya, na mwenye chombo hutambua siku kinapomgomea njiani. Baiskeli si chombo cha namna hiyo. Baiskeli husema. Breki iliyochakaa hupiga kelele, spoki iliyolegea hulia kila gurudumu linapozunguka, na mnyororo uliokaa pasipo pake hukwaruza. Katika kurasa hizi nakusudia kuzungumza na msomaji juu ya mkwaruzo huo wa mnyororo, kwa sababu nyuma yake pana historia ndefu, na ndani ya historia hiyo pana hoja iliyonifuata miaka yangu yote ya ualimu: je, mtu akirahisishiwa njia, juhudi yake imepungua thamani?

Nianze na baiskeli tuliyoizoea. Nilipomaliza chuo cha ualimu mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kupangiwa shule katika milima ya Rungwe, mali yangu ya kwanza ya maana ilikuwa baiskeli nyeusi ya chuma yenye gia moja. Sproketi ya mbele, ile inayozungushwa na pedali, ilikuwa na meno 48. Ya nyuma ilikuwa na meno 20. Pedali zikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma lilizunguka mara 2.4, wala hapakuwa na namna nyingine. Kwenye tambarare uwiano huo ulitosha. Mteremkoni miguu haikuwa na kazi. Mlimani mtu alisimama juu ya pedali, akajitupa kushoto na kulia, na hatimaye akashuka akaikokota baiskeli yake hali jasho linamtiririka. Hakuna aliyeona ajabu. Mlima ulikuwa wa kukokota, basi.

Mkwaruzo ninaousema hatukuujua wakati huo. Mnyororo wetu ulikwenda katika mstari mmoja ulionyooka, na ukilia, ulilia kwa kukosa mafuta. Nimeujua uzeeni kwa sababu ya mjukuu wangu, ambaye amejiunga na vijana wenzake katika mazoezi ya mbio na amenunua baiskeli ya mbio ya mtumba. Ina sproketi mbili mbele, yenye meno 50 na yenye meno 34, na nyuma ina sproketi 11, kuanzia ya meno 11 hadi ya meno 28. Alizidisha mbili kwa kumi na moja, akapata gia 22, akafurahi. Furaha hiyo haikudumu. Baadhi ya gia zikawa zinakwaruza, na fundi akamwambia kwamba si zote zinazofaa kutumika. Akanijia amenuna.

"Shikamoo, Babu. Hivi mtu akiuziwa gia 22, kwa nini akatazwe nyingine?"

"Marahaba. Kabla hujauliza kwa nini unakatazwa hizo chache, uliza kwanza zote zilipatikanaje."

Akacheka, akasema walimu hawajibu swali moja kwa moja. Huenda ni kweli. Lakini jibu la swali lake haliwezi kueleweka bila kujua kwamba zamani zilizokatazwa hazikuwa gia chache, bali zilikuwa zote.

Baiskeli yenye umbo tunalolijua leo ilipatikana Uingereza katika muongo wa 1880. Mwaka 1880 Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa na kiwanda mjini Manchester, alisajili hataza ya mnyororo wenye viroda vidogo vinavyozunguka kila pini yake. Mwaka 1885 John Kemp Starley akatoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo baiskeli iliyotamba ilikuwa ile ya gurudumu kubwa mno mbele, ambayo pedali zake zilifungwa kwenye gurudumu lenyewe. Aliyetaka mwendo zaidi alihitaji gurudumu kubwa zaidi, na ukubwa wa gurudumu ulipimwa kwa urefu wa miguu yake. Mnyororo ulivunja kifungo hicho. Sasa mwendo ulitokana na hesabu ya meno: meno ya mbele gawanya kwa meno ya nyuma.

Hata hivyo mnyororo ulileta tatizo jipya. Mwenye baiskeli alipaswa kuchagua uwiano mmoja na kuishi nao. Akichagua mkubwa, ataruka kwenye tambarare na kukwama mlimani. Akichagua mdogo, atapanda mlima vizuri na kuachwa nyuma na wenzake bondeni. Uwiano mmoja ni suluhu ya kati, na kama zilivyo suluhu nyingi za kati, haukumridhisha mtu yeyote mahali popote isipokuwa pale katikati.

Mmoja wa watu waliolihangaikia sana jambo hili ni Mfaransa Paul de Vivie, aliyezaliwa mwaka 1853. Alikuwa mfanyabiashara wa hariri, kisha akafungua duka la baiskeli mjini Saint-Étienne, na mwaka 1887 akaanzisha jarida la waendesha baiskeli. Aliandika kwa jina la Vélocio, na kwa jina hilo ndivyo anavyokumbukwa. Juu ya mji wake kuna mlima uitwao Col de la République. Inasimuliwa kwamba siku moja alipokuwa akiupanda kwa baiskeli yake ya gia moja, kijana mmoja alimpita akiwa anavuta kiko. Gia ya Vélocio ilikuwa kubwa mno kwa mlima ule. Iwe kisa hicho kilitokea hivyo au kimetiwa chumvi, lililo hakika ni kwamba alitumia maisha yake yaliyobaki kujaribu kila njia ya kumpatia mpanda baiskeli uwiano zaidi ya mmoja. Hakuwa peke yake, wala si yeye aliyebuni kila kitu, ila hapakuwa na mtetezi wa gia aliyekuwa na sauti kuliko yake.

Mwaka 1902 chama cha watalii cha Touring Club de France kilifanya shindano la baiskeli milimani. Mwanamke aitwaye Marthe Hesse aliendesha baiskeli yenye gia tatu, akapanda bila kutia mguu chini, akamshinda mwanamume, Edouard Fischer, aliyekuwa mshindani wa mbio na aliyetumia gia moja. Kwa akili ya kawaida ungedhani mjadala ungekwisha siku hiyo. Kinyume chake, ndipo ulipoanza.

Aliyejibu alikuwa Henri Desgrange, mhariri wa gazeti la michezo la L'Auto. Hakuwa mtu wa kupuuzwa. Mwaka 1893 yeye mwenyewe aliweka rekodi ya saa moja kwa kwenda kilomita 35.325 mjini Paris, na mwaka 1903 gazeti lake ndilo lililoanzisha mashindano makubwa ya kuizunguka Ufaransa, Tour de France. Baada ya shindano lile la milimani aliandika kwamba gia nyingi zinawafaa watu waliopita umri wa miaka 45, na kwamba ni bora mtu ashinde kwa nguvu za misuli yake kuliko kwa hila ya mtambo. Aliona watu wanalegea. Yeye alitaka gia moja.

Na kwa kuwa mwenye ngoma ndiye mwenye kupanga mapigo, Desgrange aliyaendesha mashindano yake kwa msimamo huo. Mwaka 1910 mbio zilipelekwa kwa mara ya kwanza kwenye milima mirefu ya Pyrenees, kupitia Tourmalet, njia yenye kimo cha zaidi ya mita 2,100. Barabara zilikuwa za mawe na vumbi. Mabingwa wa Ulaya walishuka wakakokota baiskeli zao, kama nilivyokokota mimi yangu Rungwe miaka 60 baadaye. Ikawa desturi gurudumu la nyuma kuwa na sproketi pande zote mbili, moja ndogo na moja kubwa. Akifika chini ya mlima, mshindani alisimama, akalegeza nati, akatoa gurudumu, akaligeuza, akalirudisha, akakaza nati na kuendelea. Akifika kileleni alirudia kazi ile ile.

Inasimuliwa kwamba mnamo Novemba 1927 Mwitalia Tullio Campagnolo alikuwa mbioni katika mlima wa Croce d'Aune, kukiwa na baridi kali, vidole vikamfa ganzi akashindwa kufungua nati za gurudumu lake. Mwaka 1930 alitoa ekseli inayofunguliwa kwa wenzo mmoja, bila spana. Baiskeli nyingi za mbio duniani zilikuja kutumia ekseli ya namna hiyo kwa miongo mingi. Tazama basi jinsi mambo yalivyokwenda: akili nyingi ilitumika kuharakisha kazi ya kugeuza gurudumu, ilhali watalii wa kawaida, wazee kwa vijana, walikuwa tayari wanabadili gia huku wakiendelea na safari zao.

Kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo washindani wakuu wa Tour de France hawakuruhusiwa kutumia kihamishi, yaani ule mtambo unaousukuma mnyororo kutoka sproketi moja hadi nyingine. Mwaka 1936 Desgrange aliugua, na uendeshaji wa mashindano ukaangukia mikononi mwa Jacques Goddet. Mwaka 1937 vihamishi vikaruhusiwa, na Roger Lapébie akawa mshindi wa kwanza wa Tour aliyevitumia. Vélocio hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka 1930, baada ya kugongwa na tramu katika mji wake wa Saint-Étienne.

Tangu siku ile mwanamke na gia tatu zake alipomshinda mwanamume na gia yake moja, mpaka siku mashindano makubwa yalipokubali, ilipita miaka 35. Hapa ndipo mimi, mwalimu wa fizikia kabla sijawa mkuu wa shule, huona Desgrange aliipuuza kanuni ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaijua. Kazi ni kani zidisha kwa umbali. Kuinua mwili na baiskeli mpaka kilele cha mlima kunahitaji kazi ya kiasi fulani, na hakuna sproketi duniani inayoweza kukipunguza kiasi hicho. Gia ndogo hupunguza kani ya kila mkanyago, lakini huongeza idadi ya mikanyago. Unalipa deni lile lile kwa noti ndogo ndogo badala ya noti moja kubwa. Mwenye gia tatu na mwenye gia moja wakifika kileleni, mlima waliopanda ni ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja amefika na magoti yake.

Hoja ya Desgrange nilikutana nayo tena mbali sana na Ufaransa. Nilipokuwa mkuu wa shule ya sekondari, mwalimu kijana alikuwa na mazoea ya kueleza somo gumu kwa Kiswahili pale alipoona macho ya wanafunzi yamepotea, kisha akalirudia kwa Kiingereza, lugha ya kufundishia na ya mtihani. Kikao cha walimu kiligawanyika. Baadhi walisema tunawadekeza. Sisi tulifundishwa kwa Kiingereza kitupu tukafaulu. Walikuwa walimu waadilifu, nami niliwaheshimu. Lakini hakuna aliyezungumza juu ya wale waliosoma nao ambao hawakufaulu, kama vile hakuna anayekumbuka majina ya waliobaki njiani Tourmalet. Nilimwacha kijana aendelee. Kanuni ya Archimedes haiwi nyepesi kwa kuelezwa kwa Kiswahili. Inakanyagika tu.

Baada ya mlango kufunguliwa mwaka 1937, gia ziliongezeka kama familia. Sproketi za nyuma zilikuwa 3, zikawa 4, na katika miaka ya 1950 zikawa 5. Mbele zikawekwa mbili, na kwa miaka mingi mpanda baiskeli alisogeza mnyororo wa mbele kwa fimbo fupi iliyokuwa karibu na paja lake, kabla waya haujachukua kazi hiyo. Wajapani wakaingia: mwaka 1964 kampuni ya SunTour ilitoa kihamishi kinachosogea kimshazari kufuata umbo la sproketi, na mwaka 1984 Shimano ikatoa wenzo wa gia unaosogea kwa hatua zilizopimwa, kila hatua na mlio wake, ili mtu asitafute gia kwa kubahatisha. Mwaka 1997 sproketi za nyuma zilikuwa 9. Mwaka 2000 zikafika 10. Mwaka 2008 zikafika 11. Mwaka 2018 zikafika 12. Umbali kati ya pini na pini za mnyororo umebaki nusu inchi, yaani milimita 12.7, kama zamani. Kilichopungua ni upana, kwa kuwa sproketi zote hizo lazima zibanane katika nafasi ndogo iliyo kati ya fremu na spoki.

Sasa naweza kurudi kwenye swali la mjukuu wangu. Mnyororo umeumbwa kukunjika upande mmoja tu, kuizunguka sproketi. Kwenda kimshazari unavumilia, haupendi. Ukiwa kwenye sproketi kubwa ya mbele, iliyo upande wa nje, na ile kubwa kabisa ya nyuma, iliyo upande wa ndani karibu na spoki, mnyororo unakatiza baiskeli kwa ulalo. Mbele yake kuna vibati viwili vya kihamishi vinavyouongoza, kimoja kila upande. Mnyororo uliolala kimshazari hugusa kibati, na hapo ndipo unaposikia kwaru, kwaru, kwaru. Ukifanya kinyume, sproketi ndogo mbele na ndogo nyuma, utagusa kibati cha pili, na mara nyingine hukwaruza hata ubavu wa sproketi kubwa iliyo jirani.

Mkwaruzo mdogo una dawa. Baiskeli nyingi za mbio zina hatua ndogo ya ziada katika wenzo wa kushoto, inayosogeza vibati kidogo bila kubadili gia. Mkwaruzo ukiwapo hata mnyororo unapokuwa umenyooka, basi waya au skurubu za kihamishi zinahitaji kurekebishwa. Lakini ukitokea tu kwenye ulalo wa mwisho kabisa, hapo baiskeli haina ugonjwa.

Nilimwambia mjukuu wangu alete karatasi tugawanye. 50 kwa 28 ni 1.79. 34 kwa 19 ni 1.79. 50 kwa 25 ni 2.00. 34 kwa 17 ni 2.00. 50 kwa 19 ni 2.63, na 34 kwa 13 ni 2.62. Akanyamaza akitazama namba. Gia alizodhani amenyimwa alikuwa nazo mahali pengine kwenye baiskeli ile ile, mnyororo ukiwa umenyooka zaidi. Gia 22 si mwendo 22 tofauti. Nyingine ni njia ya pili ya kufika pale pale. Anayekwenda kwa 50 na 28 hapati chochote ambacho 34 na 19 haitampa.

Haifai kutia chumvi upande wa pili pia. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walipima mnyororo wa baiskeli wakakuta kwamba katika hali nzuri hufikisha hadi asilimia 98.6 ya nguvu inayotiwa, na kwamba ulalo wa mnyororo haukupoteza nguvu nyingi kama wengi walivyodhani. Kwa hiyo kijana akijikuta dakika moja kwenye ulalo katikati ya mbio, asihofu. Ubaya wake ni wa kuzoea: meno na mnyororo huchakaa, vibati hulika, na anayekwenda hivyo huishiwa gia ghafla mlima ukizidi kusimama, kwa maana nyuma hana tena sproketi kubwa ya kukimbilia, na kubadili ya mbele wakati huo, miguu ikikandamiza kwa nguvu, ndipo mnyororo unapochomoka.

Hili nalo mwalimu aliyetajwa hapo juu alilijua bila kuambiwa. Hakuchanganya lugha mbili katika kila sentensi mpaka mwanafunzi asijue yuko wapi. Alieleza kwa Kiswahili sawasawa, kisha akarudi kwenye Kiingereza sawasawa. Kuwa na chaguo nyingi hakumwondolei mtu wajibu wa kuchagua.

Mimi nimepita ule umri wa miaka 45 wa Desgrange zamani sana. Kwa miaka kadhaa baada ya kustaafu niliacha kupanda baiskeli, si kwa kuchoka nayo, bali kwa sababu goti la kulia lilikataa kilima kilicho kati ya nyumba yangu na soko, na kuikokota nako kulikuwa kumekuwa kazi. Mjukuu wangu anaponiachia baiskeli yake, huweka sproketi ya meno 34 mbele na ya 28 nyuma. Uwiano huo ni 1.21, nusu ya ule wa baiskeli yangu ya ujanani. Napanda polepole, miguu inazunguka upesi, watoto wa shule wananipita kwa miguu huku wakiniamkia, nami nina pumzi ya kuwaitikia wote. Mnyororo haukwaruzi, kwa kuwa sproketi hizo mbili zote ziko upande wa ndani na zinatazamana.

Kilima hakijapungua hata inchi moja. Nakijua, maana nimekipanda tangu nikiwa na miaka ishirini na kitu. Tofauti ni kwamba sasa nafika sokoni nikiwa juu ya tandiko.